Masega Bila Asali

Tunapotaja uhakiki, aghalabu fikra zetu hukimbilia riwaya, tamthiliya na mashairi. Ni nadra mtu kuketi kuhakiki maandishi yanayofungashwa pamoja na mashine: mwongozo wa redio, karatasi ya dawa ya kunyunyizia tumbaku, kijitabu cha pampu ya maji. Maandishi hayo husomwa kwa haraka, tena na mtu aliyekwisha kukwama, kisha hutupwa. Ubaya wa desturi hiyo haukuwa mkubwa maadamu msomaji wa mwongozo alikuwa binadamu. Binadamu akisoma mwongozo mbovu huguna, humwuliza jirani, hujaribu kidogo kidogo, na mambo yakizidi huacha.

Sasa amepatikana msomaji wa namna nyingine, asiyeguna wala kumwuliza jirani. Namtaja wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa lengo kwa maneno ya kawaida, nayo ikaamua yenyewe itumie zana zipi na kwa mpangilio gani ili ilifikie lengo hilo. Wakala huyu huijua zana kwa njia moja kubwa, nayo ni maelezo yaliyoandikwa juu ya zana hiyo. Akiambiwa kwamba zana fulani inasoma tu, huamini inasoma tu. Akionyeshwa majedwali kumi, huenda kazini akiwa na majedwali kumi kichwani, hata kama ghalani yamo mia. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba maelezo ya zana yamekuwa maandishi yanayostahili kuhakikiwa kwa uzito, kwa kuwa yanasomwa na asiyeweza kuyatilia shaka, na matokeo ya usomaji huo huwaangukia watu ambao hawakuyasoma kabisa.

Nimechagua aina moja tu ya maandishi hayo: maelezo ya zana za kukagua muundo wa kanzidata. Ndugu msomaji usiyeshughulika na kompyuta asiogope. Kanzidata ni ghala ya taarifa zilizopangwa katika majedwali. Kila jedwali lina safuwima zenye majina, na kila safuwima hupokea taarifa za aina moja: namba, au tarehe, au maneno. Majedwali hushikamana kwa funguo, mathalani jedwali la wagonjwa likaelekeza kwenye jedwali la zahanati. Mpangilio huo wote, ukiziweka kando taarifa zenyewe, ndio uitwao skima. Zana ya kukagua skima humwezesha wakala kuuona mpangilio huo kabla hajauliza swali lolote.

Sisi tunaoishi Ipole, huku Sikonge, hatuna haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mrina asali hutofautisha kukagua mzinga na kurina. Anapokagua, hufungua mfuniko wa mzinga wa gome, hupuliza moshi kidogo, akatazama kama nyuki wameingia, masega yamefika wapi, lipi lina asali na lipi lina majana. Kisha hufunga, akarudi nyumbani mikono mitupu. Akirudi na ndoo imejaa, huyo hakukagua, amerina, hata akiapa kwamba alikwenda kutazama tu. Tofauti hiyo, ambayo mtoto wa mrina huijua angali mdogo, ndiyo ninayoitumia kama kipimo katika makala haya. Masega ni skima, asali ni taarifa. Je, maelezo ya zana yanasema kweli kuhusu kile zana inachokigusa? Na je, yanamwambia msomaji kwamba kuliona sega si kujua kilichomo ndani yake?

Wazo la kanzidata inayojieleza yenyewe si jipya. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1985 akatoa orodha ya kanuni za kupimia kama mfumo unaojiita wa namna hiyo unastahili jina lake. Kanuni ya nne inadai kwamba maelezo ya muundo wa kanzidata yahifadhiwe ndani ya kanzidata yenyewe, kwa namna ile ile inavyohifadhi taarifa za kawaida, ili mtumiaji mwenye idhini ayaulize kwa lugha ile ile. Kwa maneno mengine, ghala iwe na daftari la ghala, na daftari hilo lisomeke kama mali nyingine zilizomo. Kiwango cha lugha ya SQL cha mwaka 1992 kikalipa daftari hilo umbo rasmi na jina: information_schema. Kwa hiyo mtu anayetengeneza leo zana ya kumwonyesha wakala muundo wa kanzidata haanzi porini. Anachofanya, mara nyingi, ni kulifungua daftari la zamani na kuandika maelezo mafupi juu ya mlango wake.

Tuanze na andiko ninaloliheshimu. Mwongozo wa PostgreSQL, ambayo ni programu ya kanzidata inayotolewa bure na kutumiwa duniani kote, una sura nzima juu ya information_schema. Ni sura kavu, isiyo na mzaha wala sifa. Lakini soma maelezo ya orodha ya majedwali na ya orodha ya safuwima. Mwandishi anaeleza bila kuficha kwamba vinavyoonyeshwa ni vile tu ambavyo mtumiaji wa wakati huo anavimiliki au amepewa idhini fulani juu yake. Sentensi hiyo ni ndogo, na mtu mwenye haraka ataipita. Hata hivyo imebeba onyo kubwa: usilolikuta si lazima liwe halipo. Pengine huruhusiwi kuliona. Mwanzoni mwa sura hiyo msomaji anaambiwa pia kwamba daftari hili la kiwango halibebi mambo yaliyo ya PostgreSQL peke yake, na kwamba kwa hayo hana budi kwenda kwenye orodha za ndani za mfumo. Mwandishi anataja mpaka wa kile anachokitoa. Huo, kwangu mimi, ndio uungwana wa mwandishi wa mwongozo, sawa na karani wa ghala anayekupa orodha ya mali na kukuambia papo hapo kwamba stoo ya nyuma haimo ndani yake.

Sasa tulinganishe na maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya mawakala. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol, unaoeleza namna programu za akili mnemba zinavyoweza kuunganishwa na zana za nje. Pamoja na utaratibu huo zilitolewa programu kadhaa za mfano, na mojawapo ilikuwa ya kuunganisha wakala na kanzidata ya PostgreSQL. Mfano huo uliandikwa ili watu waone jinsi jambo linavyofanyika, wala haukudai kuwa jengo lililokamilika. Lakini mifano ndiyo inayonakiliwa, kama vile mwandiko wa mwalimu ubaoni unavyogeuka kuwa mwandiko wa darasa zima. Kwa hiyo ni haki kuusoma kwa makini.

Mfano huo ulitoa muundo wa kila jedwali kwa mambo mawili: jina la safuwima na aina ya taarifa yake. Basi. Funguo zinazoshikamanisha majedwali hazikuwemo. Maoni ambayo wenye kanzidata huweza kuyaambatisha kwa kila safuwima, nayo PostgreSQL huyahifadhi vizuri kabisa, hayakuwemo. Wala haikuelezwa kama safuwima inaweza kuachwa tupu. Msomaji wetu asiyeguna alipewa majina na aina, akaachiwa kazi ya kubahatisha yaliyobaki. Naye ni hodari mno wa kubahatisha, na huo ndio mwanzo wa matatizo, maana jibu lake la kubahatisha na jibu lake la kweli huja kwa sauti moja na kwa ufasaha ule ule.

Zana ya kuuliza maswali katika mfano huo ilielezwa kwa maneno machache yaliyosema kwamba ni ya kusoma tu. Mwaka 2025 wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Datadog walionyesha kwamba kinga hiyo iliweza kuvukwa. Programu ilikuwa inafungua muamala wa kusoma tu, ikatekeleza maneno yaliyoletwa, kisha ikafuta athari zake. Lakini maneno yaliyoletwa yakianza kwa kuufunga muamala huo, yanayofuata yalikuwa nje ya uzio. Programu hiyo ya mfano iliondolewa katika orodha ya zinazotunzwa mwaka huo huo wa 2025. Kosa la kiufundi naliachia mafundi. Linalonihusu mimi ni la uandishi. Ahadi iliandikwa kama ukweli wa mambo. Kuna tofauti kati ya kusema „zana hii imekusudiwa kusoma” na kusema „mtumiaji aliyeunganishwa hana idhini ya kuandika”. Kauli ya kwanza ni nia ya mwandishi, na ya pili ni hali ya kufuli. Mwandishi mzuri wa mwongozo hachanganyi hayo mawili. Tena inafaa tukumbuke kwamba utaratibu wenyewe wa Model Context Protocol unaonya kuwa alama zinazoeleza tabia ya zana zisiaminiwe iwapo hazikutoka kwa mtoaji anayeaminika. Waliouandika walijua kwamba maelezo yanaweza kudanganya.

Andiko la tatu ni la LangChain, mkusanyiko wa programu ambao watu wengi wameutumia kujenga mawakala. Humo mna zana mbili za kukagua kanzidata: moja hutaja majina ya majedwali, ya pili hutoa muundo wa majedwali yaliyochaguliwa. Mgawanyo huo nausifu. Akili mnemba hupokea kiasi maalumu cha maneno kwa wakati mmoja, na kanzidata kubwa ina mamia ya majedwali, hivyo kumwaga yote mbele ya wakala ni sawa na kumpa mgeni kamusi nzima alipouliza neno moja. Kutaja kwanza, kufafanua baadaye, ni busara.

Walakini jina la zana ya pili linasema skima, ilhali yenyewe hutoa skima pamoja na mistari ya mfano ya taarifa, mitatu kwa kila jedwali kama mtumiaji hakubadilisha kitu. Kwa haki ya mwandishi, maelezo yanasema hivyo: mistari ya mfano imetajwa. Anayesoma maelezo hadanganywi. Lakini anayesoma jina peke yake, na viongozi wengi wa ofisi wanaoidhinisha vitu hivi husoma jina peke yake, atadhani ameruhusu kukagua kumbe ameruhusu kurina. Mistari mitatu ya jedwali la aina za mbegu haina madhara. Mistari mitatu ya jedwali la watu wanaotumia dawa fulani ni watu watatu, wenye majina, wanaoishi mahali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mtu hawezi kujitetea kwamba zana iliitwa ya skima.

Nimetaja afya kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa vijijini. Katika miaka ya 1990 nchi yetu ilianza kueneza MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Atakayeingia zahanati yoyote ataviona vitabu vyake, vikubwa, vyenye mistari mingi, vikijazwa kwa kalamu na mhudumu ambaye pengine yuko peke yake zamu nzima. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 hesabu hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta uliokuzwa kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao kwetu umehudumiwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muundo wa DHIS2 uko wazi kwa mtu yeyote kuusoma, na kanzidata yake ni PostgreSQL ile ile tuliyoitaja.

Tuseme basi kwamba mtu amemruhusu wakala kukagua kanzidata ya namna hiyo kwa zana inayotoa majina na aina tu. Ataliona jedwali liitwalo datavalue, ambamo hesabu zote hukaa. Ndani yake kuna safuwima iitwayo sourceid. Kwa jina, mtu angedhani ni chanzo cha taarifa, labda kitabu au mtu aliyeiingiza. Kumbe ni kituo chenyewe, zahanati au hospitali, na jambo hilo hulijui mpaka uone ufunguo unaoelekea jedwali la vituo. Kuna safuwima iitwayo value, na aina yake ni maneno, si namba, kwa kuwa mfumo hupokea kila namna ya jibu. Kuna safuwima iitwayo deleted. Hesabu iliyofutwa na mtumiaji haiondoki jedwalini, bali huwekewa alama ya kufutwa. Wakala akijumlisha bila kuitazama alama hiyo, atazihesabu tena hesabu ambazo watu walikwisha kuzikana.

Hayo bado yanaonekana kwa macho ikiwa zana ni nzuri. Kuna yasiyoonekana. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa pale ambapo kipengele kimewekewa alama kwamba sifuri yake ina maana. Kwa hiyo mstari usipokuwapo, kuna uwezekano wa mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi: ama zahanati haikuwa na mgonjwa wa ugonjwa huo, ama zahanati haikuleta taarifa. Ili kuyatenganisha hapana budi kwenda kwenye jedwali jingine linaloandika ni vituo gani vilivyokamilisha taarifa ya mwezi huo. Skima haikuambii uende huko. Hakuna ufunguo unaopiga kelele. Ni mtu tu anayejua kazi atakayekuambia.

Chukua na hili la mahudhurio. Katika rejesta ya wagonjwa wa nje, mtu anayefika kituoni kwa mara ya kwanza katika mwaka huhesabiwa peke yake, akatofautishwa na anayerudi. Ni utaratibu mzuri, kwa maana unaonyesha ni watu wangapi wanaofikiwa na huduma. Lakini fikiri kinachotokea Januari. Kila anayekuja ni wa kwanza, kwa sababu mwaka umeanza upya, hata bibi anayefika kila mwezi kuchukua dawa ya shinikizo la damu. Kadiri mwaka unavyosonga, wa kwanza hupungua na wanaorudi huongezeka. Sasa mpe wakala safuwima yenye jina linalomaanisha wagonjwa wapya, umwulize ni mwezi gani wilaya ilielemewa. Atakujibu kwa adabu na kwa mchoro mzuri kwamba kila Januari kuna mlipuko. Na mtu aliye ofisini mbali, ambaye hajawahi kukigusa kitabu cha MTUHA, anaweza kupanga dawa kwa kufuata mchoro huo. Dawa zitakapokwisha mwezi ambao mchoro ulisema ni mtulivu, mama aliyetembea na mtoto mgongoni kutoka vitongoji vya porini hataambiwa habari za safuwima. Ataambiwa dawa hakuna.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa maandishi haya yanayodharauliwa. Njia ya kuzuia kosa la Januari ni sentensi moja. Sentensi hiyo mwenye kanzidata anaweza kuiambatisha kwenye safuwima, PostgreSQL ikaitunza, na zana ya kukagua ikaisoma pamoja na jina. Lakini daftari la kiwango, information_schema, halina nafasi ya maoni hayo, na zana iliyojengwa juu yake peke yake haitayaona hata yakiwa yameandikwa. Hivyo udhaifu wa mwandishi wa zana unakutana na uvivu wa mwenye kanzidata. Huyu haandiki maoni kwa kuwa hakuna anayeyasoma, na yule hayasomi kwa kuwa hakuna anayeyaandika.

Watu wa ukanda huu tunalo funzo la zamani juu ya ramani na neno la mwenyeji. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa Tabora akitaka kwenda Ujiji, njia ya misafara ya kuelekea magharibi ilijulikana vizuri. Vituo vyake vilitajwa, umbali wake ulikadiriwa kwa siku za mwendo, na viongozi wa misafara waliijua kama viganja vyao. Ilikuwa njia iliyokamilika kwenye karatasi. Lakini Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ile ilikuwa imefungwa. Stanley akalazimika kushuka kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, kisha akageuka kuitafuta Ujiji kwa mzunguko mrefu. Ramani haikuwa na kosa hata moja. Ilikosa tu habari ambayo ingeokoa shingo ya msafiri, na habari hiyo ilikuwa vinywani mwa watu. Mpaka leo njia hugawanyika hapa Ipole, moja ikienda Mpanda, nyingine Rungwa hadi Chunya na Mbeya. Kibao kinataja miji. Mwenyeji ndiye anayekuambia ni wapi mvua imekata barabara.

Wapo watakaonipinga kwamba akili mnemba zinakua upesi na zitayajua haya zenyewe. Siukatai ukuaji wake. Lakini habari ya Januari haimo katika umbo la jedwali, na akili haiwezi kutoa katika sega kitu kisichokuwemo. Watanijibu kwamba wakala akiruhusiwa kusoma taarifa zote ataitambua tabia hiyo ya kila mwaka. Pengine ataitambua kuwa ipo, ila sababu yake haimo humo. Na gharama ya njia hiyo ni kumfungulia mashine asali yote ili apate kulielewa sega. Katika majumuisho ya MTUHA hakuna majina ya watu. Lakini DHIS2 ina upande mwingine wa kufuatilia mtu mmoja mmoja, na huko majina yamo. Desturi ya kufungua yote ikishazoeleka upande mmoja haitaheshimu ukuta wa upande wa pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: maelezo marefu hugharimu. Kila neno linalopewa wakala hulipiwa na huchukua nafasi. Ni kweli, nami ndiyo maana nimesifu mgawanyo wa hatua mbili. Sidai urefu. Ninachodai ni kwamba maneno machache yaliyopo yatumiwe kusema mipaka kuliko kusifu uwezo. Maelezo mengi ya zana niliyoyasoma hutumia nusu ya nafasi yao kusema kwamba zana ina nguvu, ni rahisi na ni ya haraka. Wakala hana haja ya sifa, kwa kuwa hanunui.

Jambo la lugha nalo tusiliache. Vitabu vya zahanati vimeandikwa Kiswahili, mhudumu hufikiri kwa Kiswahili anapoamua mgonjwa huyu ni wa kwanza au wa marudio, lakini hesabu ikifika kwenye kanzidata huvaa jina la Kiingereza lililofupishwa. Katika safari hiyo fupi kutoka kitabuni hadi safuwimani, neno „mwaka huu” hudondoka njiani. Mtaalamu wa takwimu wa wilaya anayeijua kazi yake ndiye mtu afaaye kulirudisha, kwa Kiswahili kilicho wazi, kama maoni ya safuwima. Akili mnemba za leo husoma Kiswahili. Hakuna sababu ya kiufundi ya kumzuia mtaalamu huyo asiandike kwa lugha aliyofundishiwa kazi na wahudumu wake.

Kwa kuwa mhakiki anayelaumu tu bila kuonyesha anachokitaka hana faida, naandika hapa maelezo ambayo ningefurahi kuyakuta juu ya zana ya namna hii, nami nampa ruhusa yeyote kuyatumia:

„Zana hii huonyesha majina ya majedwali, safuwima, aina zake, funguo na maoni yaliyoambatishwa na wenye kanzidata. Haitoi mstari wowote wa taarifa. Huona kile tu ambacho mtumiaji aliyeunganishwa ameruhusiwa kukiona. Jedwali lisipoonekana, usiseme halipo. Mtumiaji huyo amenyimwa idhini ya kuandika katika kanzidata yenyewe, na hilo halitegemei maneno haya. Jina la safuwima si maana yake. Soma maoni. Yakikosekana, mwulize aliyekutuma safuwima hiyo inahesabu nini, kwa kipindi gani, na pengo ndani yake lina maana gani, kabla hujajumlisha chochote.”

Hayapiti maneno themanini, wala hayahitaji fundi bingwa. Yanamhitaji mtu aliyewahi kusimama kwenye dirisha la dawa, akaketi pamoja na fundi, wakaandika wakiwa wawili.